Mashaka juu ya Hisa za Kampuni Ndogo ya Programu za Kuhariri Video: Mwongozo Kamili wa Kuyachunguza Kabla ya Kununua, Kushikilia au Kuuza

Shemeji yetu anayeishi na kufanya kazi Uingereza alitutumia ujumbe jioni moja akiuliza swali ambalo wawekezaji wengi wadogo huliuliza wakiwa wamekwisha kuchelewa. Hisa zake katika kampuni ndogo inayotengeneza programu ya kuhariri video zilikuwa zimepoteza karibu nusu ya thamani, uongozi ulikuwa ukisema mambo yanakwenda vizuri, na yeye hakujua kama aongeze, ashikilie au auze. Kikundi chetu cha uwekezaji hukutana Sinza, na wengi wetu tumezoea hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam, yaani benki, saruji na bia, kampuni ambazo mtu akipita barabarani anaona malori yake au anaingia katika matawi yake. Kampuni ya programu haina ghala la kuchungulia wala gawio la kungojea. Tulitumia mikutano mitatu kuichambua kampuni hiyo, na hatua tulizofuata ndizo ninazoziandika hapa. Jina lake ninaliacha, kwa kuwa hatua hizi zinaifaa kampuni yoyote ya namna hiyo.

Nianze na lile ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote: shaka lina faida pale tu linapoandikwa kama swali ambalo waraka fulani, au mtu anayeitumia programu hiyo kila siku, anaweza kulijibu. Shaka lisiloandikwa huwa hofu bei inaposhuka na husahaulika bei inapopanda, na katika hali zote mbili humfanya mtu auze au anunue kwa wakati mbaya.

Kabla ya hatua ya kwanza: una haki ya kuzinunua?

Mkazi wa Tanzania anayetaka kupeleka fedha nje ili anunue hisa anabanwa na Sheria ya Fedha za Kigeni ya mwaka 1992 na kanuni zake, ambazo husimamiwa na Benki Kuu. Ulizia benki yako masharti yaliyopo kwa nchi unayoikusudia kabla hujatuma hata shilingi moja. Hakikisha pia kwamba dalali anayekuhudumia amepewa leseni. Kwa hapa nchini, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ndiyo inayotoa leseni hizo na inayo orodha ya walionazo. Ninalisema hili kwa uchungu, maana hisa za kampuni ndogo za teknolojia za ng'ambo ni chambo kinachopendwa na wanaoendesha makundi ya simu ya "uwekezaji," ambayo humsukuma mtu anunue leo kabla ya saa sita mchana. Anayekuharakisha namna hiyo mara nyingi ana hisa anazotaka kukuuzia wewe.

Hatua ya 1: Geuza kila shaka kuwa swali lenye mahali pa kujibiwa

Shemeji alituandikia mashaka yake kama yalivyomjia: "ushindani ni mkubwa," "sina imani na uongozi," "naona kama fedha zitaisha." Tuliyaandika upya moja baada ya jingine. "Ushindani ni mkubwa" likawa: je, idadi ya wanaolipia imepanda au imeshuka katika robo nne zilizopita, na je, wastani wa malipo ya kila mteja umeshuka? "Fedha zitaisha" likawa: kampuni ina fedha taslimu kiasi gani, inatumia kiasi gani kwa robo mwaka, na ina deni gani linaloiva ndani ya miezi 12? "Sina imani na uongozi" lilitusumbua zaidi, hadi tulipolivunja vipande vitatu: waliahidi nini mwaka jana na wakatimiza nini, wamenunua au wameuza hisa zao wenyewe, na je, wamebadili mkaguzi wa hesabu?

Maswali yasizidi saba. Tulianza na kumi na tisa, na nusu yake yalikuwa swali lile lile kwa maneno mengine.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka zenyewe, si habari juu ya nyaraka

Kampuni za programu za kuhariri video zimetawanyika katika masoko mengi. Wondershare, yenye Filmora, iliingia soko la Shenzhen mwaka 2018. CyberLink, yenye PowerDirector, imeorodheshwa Taiwan. KineMaster, ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam walijifunzia kuhariri kwa simu, ilitoka kwa kampuni ya Korea Kusini iliyokuwa ikiitwa NexStreaming. Kila soko lina hazina yake ya nyaraka ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bila malipo: Marekani ni EDGAR, Korea Kusini ni DART, na kwa kampuni za London ni matangazo ya RNS.

Kwa kampuni ya Marekani pakua ripoti mbili za mwaka, ziitwazo 10-K, ripoti za robo mwaka za karibuni, ziitwazo 10-Q, pamoja na matangazo ya matukio muhimu, yaitwayo 8-K, ya miezi 24 iliyopita. Pakua vilevile waraka unaotumwa kwa wanahisa kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kwa sababu humo ndimo malipo ya viongozi na biashara zao binafsi na kampuni huelezwa. Anza kusoma kwenye maelezo ya hesabu yaliyo mwishoni, kisha mtiririko wa fedha, kisha mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, na barua ya mwenyekiti iwe ya mwisho. Barua hiyo huandikwa kwa ustadi mkubwa, na ukianza nayo utayasoma mengine yote kwa miwani yake.

Hatua ya 3: Kaa na mtu anayehariri video

Hatua hii hairukiki, na sisi wa Dar es Salaam tuna bahati nayo, kwa sababu mji huu umejaa wahariri wa video za harusi, za send-off, za mahubiri na za muziki. Tulikwenda kwa dada mmoja mwenye chumba cha kazi ghorofani karibu na Sinza Mori. Mezani pake palikuwa na diski za kuhifadhia zilizoandikwa majina ya maharusi kwa kalamu nyeusi, feni imeelekezwa kwenye kompyuta badala ya kuelekezwa kwake, na kifaa cha kuhifadhi umeme kikilia kila umeme ulipoyumba. Tulimwomba aijaribu programu ya kampuni ile kwa kazi halisi, si kwa kipande kidogo cha mfano.

Alichukua picha za kamera mbili za msafara wa harusi na kuiambia programu ioanishe sauti za kamera hizo, kazi ambayo matangazo ya kampuni yaliisifu sana. Ikashindwa. Matarumbeta yalikuwa yamefunika kila kitu, na programu iliiweka kamera ya pili sekunde kadhaa nyuma, hivyo bibi harusi akawa anashuka garini mara mbili. Akairekebisha kwa mkono bila kulalamika. Alipotaka kutoa video iliyokamilika, toleo la majaribio likaweka nembo ya kampuni chini ya picha, juu ya upindo wa gauni. "Kaka," aliniambia, "bibi harusi hawezi kunilipa kwa video yenye jina la watu wengine miguuni pake." Tulipomuuliza angelipia nini basi, alijibu: "Nalipia kitu kinachoniokoa Jumapili usiku, wakati wateja watatu wanataka kazi Jumatatu. Vingine vyote nikivikosa nahamia cha bure."

Jibu hilo lilitupa kipimo. Tulirudi kwenye nyaraka kutafuta kama kampuni inaokoa Jumapili usiku ya mtu yeyote, yaani kama ina kundi la wateja ambao kuihama kungewagharimu muda, mafunzo na kazi walizokwisha kuzihifadhi ndani yake.

Mhariri utakayemtembelea muulize anatumia nini leo na alitumia nini miaka miwili iliyopita, nini kilimfanya ahame, mara ya mwisho alilipa lini na kiasi gani, na je, analipia mwaka mzima au mwezi wenye kazi tu. Swali hilo la mwisho lina uzito. Hapa kwetu harusi nyingi husimama wakati wa Kwaresima na Ramadhani, na anayelipia mwezi mmoja mmoja husitisha malipo katika majira hayo. Kampuni inayomhesabu kama mteja mpya kila anaporudi inaweza kuonekana inakua ilhali inazunguka na watu wale wale.

Hata hivyo mhariri mmoja wa Sinza si soko la dunia. Soma katika maelezo ya hesabu mapato yanatoka nchi zipi. Kama robo tatu ya mapato hayo inatoka Ulaya na Marekani, soma pia maoni ya watumiaji wa huko katika maduka ya programu, hasa ya wale waliotoa nyota mbili au tatu, kwa kuwa watu wa nyota moja mara nyingi huwa wamekasirika tu, na wa nyota tano wakati mwingine huwa wameombwa.

Hatua ya 4: Chora ramani ya wanaogawa bure

Katika biashara hii tishio kubwa si mshindani mwenye bei nafuu. Ni mshindani ambaye hahitaji kabisa kupata fedha kutokana na kuhariri video. Blackmagic Design ya Australia, iliyoinunua DaVinci mwaka 2009, inatoa toleo la bure la DaVinci Resolve ambalo linawatosha wahariri wengi, na toleo lake la kulipia huuzwa mara moja tu bila ada ya kila mwezi, kwa sababu kampuni hiyo huuza pia kamera na vifaa vya studio. CapCut ni ya ByteDance, wenye TikTok, ambao wanahitaji video nyingi zaidi katika mtandao wao. Meta, wenye Facebook na Instagram, ilileta programu ya Edits mwaka 2025 kwa sababu inayofanana na hiyo. Apple huuza Final Cut Pro kwa bei ambayo mwaka 2011 iliteremshwa hadi dola 299 kwa malipo ya mara moja, kwa kuwa lengo lake ni kuuza kompyuta. Juu yao yupo Adobe, aliyetangaza mwaka 2013 kwamba matoleo mapya ya programu zake yatapatikana kwa usajili tu, na ambaye programu yake ya kuhariri video, Premiere, inakuja katika kifurushi kimoja na Photoshop na After Effects.

Gawa karatasi katika safu mbili. Katika ya kwanza andika mambo yote ambayo programu ya kampuni yako hufanya. Katika ya pili weka alama kila jambo ambalo angalau mmoja wa hao wakubwa hulifanya bure. Kinachobaki bila alama ndicho kampuni inachouza kweli. Kwa kampuni ya shemeji vilibaki vitu viwili: violezo vya video za matangazo ya biashara ndogo, na makubaliano ya kuiweka programu hiyo katika kompyuta za mtengenezaji mmoja kabla hazijauzwa. Hapo shaka la ushindani likabadilika sura. Badala ya kuuliza kama CapCut itaimeza kampuni, tukauliza mkataba huo mmoja unaleta asilimia ngapi ya mapato na unaisha lini. Katika ripoti za Marekani mteja anayeleta asilimia 10 au zaidi ya mapato lazima atajwe kuwapo, hata kama jina lake halitajwi.

Hatua ya 5: Pima ubora wa mapato

Hapa ndipo wengi huchoka, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji avumilie.

Mteja akilipa dola 120 za mwaka mzima tarehe 1 Novemba, hadi tarehe 31 Desemba kampuni imestahili dola 20 tu. Dola 100 zilizobaki huandikwa kwenye mizania kama deni, kwa jina la mapato yaliyoahirishwa, kwa sababu kampuni bado inadaiwa miezi kumi ya huduma. Linganisha mstari huo na wa mwaka jana. Kama uongozi unasema usajili unaongezeka huku mapato yaliyoahirishwa yakipungua, una swali zuri la kuuliza. Lipo jibu moja halali, nalo ni kwamba wateja wanahama kutoka malipo ya mwaka kwenda ya mwezi, lakini jibu hilo lenyewe lina habari ndani yake, maana mteja wa mwezi huondoka kwa urahisi zaidi.

Historia ya Avid inaonyesha jinsi jambo hili lisivyo dogo. Kampuni hiyo ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1987 na ambayo Media Composer yake imehariri filamu nyingi za Hollywood, ilijikuta mwaka 2013 ikilazimika kurudia hesabu zake za miaka iliyopita. Kiini chake hakikuwa fedha zilizoibwa. Kampuni ilikuwa na desturi ya kuwapa wateja masasisho bila malipo baada ya kuwauzia bidhaa, na kwa kanuni za uhasibu desturi hiyo ilimaanisha kwamba sehemu ya fedha za mauzo ilipaswa kuhesabiwa polepole kwa miaka, si siku ya kuuza. Kwa kuchelewesha ripoti wakati kazi hiyo ikiendelea, Avid iliondolewa katika soko la hisa la Nasdaq la Marekani Februari 2014 na kurudi Desemba mwaka huo huo. Mwekezaji aliyeuliza mapema "mnawapa wateja nini baada ya kuwauzia?" alikuwa ameugusa mshipa wenyewe.

Baada ya hapo tafuta kiwango cha wateja wanaoacha. Asilimia 5 kwa mwezi inasikika ndogo, lakini kati ya wateja 1,000 wa Januari wanabaki kama 540 baada ya miezi 12. Kwa asilimia 8 wanabaki 368 tu. Kampuni nyingi ndogo hazitoi takwimu hii waziwazi. Ukiikosa, angalia gharama za masoko: kama matumizi ya matangazo yanakua kwa kasi kuliko mapato, inawezekana kampuni inanunua wateja wapya kujaza ndoo inayovuja.

La mwisho katika mapato ni ada ya maduka ya programu. Kwa miaka mingi kiwango cha kawaida cha Apple na Google kilikuwa asilimia 30 ya malipo, na asilimia 15 kwa watengenezaji wadogo au baadhi ya usajili. Kampuni mbili zenye wateja sawa zinaweza kuonyesha mapato tofauti kwa sababu moja inaandika malipo yote ya mteja na nyingine inaandika kinachobaki baada ya ada. Soma sera ya uhasibu kabla ya kuzilinganisha.

Hatua ya 6: Vua faida nguo zake

Mishahara ya wahandisi wanaotengeneza toleo jipya inaweza kuandikwa kama gharama ya mwaka huu, au, masharti fulani yakitimia, kuwekwa kwenye mizania kama mali na kupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka ijayo. Kanuni za kimataifa za uhasibu, katika kiwango kiitwacho IAS 38, hutaka hivyo masharti hayo yakitimia. Si udanganyifu, lakini hupaka faida rangi.

Tuseme kampuni inatangaza faida ya dola 400,000. Katika mtiririko wa fedha unakuta imetumia dola milioni 2.5 kutengeneza programu na kuziweka kwenye mizania, na gharama za miaka ya nyuma zilizopunguzwa mwaka huu ni dola milioni 1.3. Toa milioni 2.5 kutoka kwenye faida, rudisha milioni 1.3, nawe unapata hasara ya dola 800,000 kabla ya kuigusa kodi. Hesabu hii ni ya dakika tano, na katika kikundi chetu ndiyo iliyobadili maoni ya watu wengi kuliko nyingine yoyote.

Kisha angalia faida ghafi, yaani kinachobaki katika mapato baada ya kutoa gharama za moja kwa moja za kumhudumia mteja. Zamani programu ya kuhariri ilifanya kazi yote kwenye kompyuta ya mteja, hivyo mteja wa ziada hakuigharimu kampuni karibu chochote. Huduma za akili unde, kama vile kuondoa kelele, kutengeneza manukuu au kuzalisha picha, mara nyingi hufanyika kwenye kompyuta za kukodi, na kila mteja anapobonyeza kitufe kampuni inalipa. Kama faida ghafi imeteremka tangu huduma hizo zilipoanza, uliza kama zinauzwa kwa bei inayofidia gharama au zinatolewa ili zing'arishe tangazo.

Hatua ya 7: Hesabu miezi iliyobaki, na vipande vya keki

Chukua fedha taslimu, gawa kwa wastani wa fedha zinazotoka kila robo mwaka kwa shughuli na kwa utengenezaji wa programu. Kampuni yenye dola milioni 3.6 inayopoteza 600,000 kwa robo ina robo sita, yaani miezi 18, lakini kwa kweli ina michache zaidi, kwa sababu hakuna uongozi unaosubiri senti ya mwisho ndipo utafute mtaji. Itatafuta ikiwa na miezi 9 au 12 mkononi, na soko likijua hivyo litadai bei ya chini.

Hapo ndipo mwanahisa wa zamani anapoumia. Tuseme kuna hisa milioni 20 na wewe una 200,000, yaani asilimia 1. Kampuni ikitoa hisa mpya milioni 5 pamoja na haki za kununua nyingine milioni 5 kwa bei maalumu, na haki hizo zikitumika, umebaki na asilimia 0.67 bila kuuza hata hisa moja. Tafuta katika maelezo ya hesabu haki za ununuzi, hati za madeni zinazoweza kugeuzwa hisa na hisa za wafanyakazi, ujumlishe zote na ufanye hesabu zako kwa jumla hiyo.

Hatua ya 8: Mkaguzi na wakuu

Soma taarifa ya mkaguzi neno kwa neno. Ukikuta maneno yanayoeleza mashaka makubwa juu ya uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake, shaka lako limekwisha kuthibitishwa na mtu anayelipwa kulitafuta. Mkaguzi akibadilishwa, kampuni ya Marekani lazima itoe tangazo la 8-K na kueleza kama kulikuwa na kutokubaliana. Wakuu wakinunua au kuuza hisa lazima waripoti ndani ya siku mbili za kazi kwa fomu iitwayo Form 4. Kuuza kwao kunaweza kuwa na sababu za kifamilia, lakini mkuu anayeisifu hisa kila robo na hajawahi kununua hata moja kwa fedha zake mwenyewe anatuambia kitu.

Hatua ya 9: Je, utaweza kutoka?

Aliyewahi kuweka oda ya kuuza hisa isiyo na wanunuzi hapa Dar es Salaam na kungoja wiki nzima ataielewa hatua hii bila maelezo marefu. Kama hisa 20,000 hubadilishana mikono kwa siku na wewe unazo 40,000, na hutaki kuzidi sehemu moja ya kumi ya biashara ya siku ili usiangushe bei, utahitaji siku 20 za soko kutoka. Kwa Nasdaq, bei ikifungwa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo kampuni hupewa onyo, na kwa kawaida siku 180 za kurekebisha. Wengi hurekebisha kwa kuunganisha hisa, mathalani kumi ziwe moja. Thamani yako haibadiliki siku hiyo, ila kampuni iliyofika hapo mara nyingi inajiandaa kutoa hisa mpya.

Wapo wanaoshikilia kwa tumaini kwamba kampuni itanunuliwa, na ni kweli kwamba katika biashara hii hutokea: Sonic Foundry iliiuza programu yake ya Vegas kwa Sony mwaka 2003, Avid iliinunua kampuni ya Pinnacle mwaka 2005, na Avid yenyewe ilichukuliwa na kampuni ya uwekezaji ya STG mwaka 2023 kwa dola 27.05 kwa hisa. Lakini hisa za Avid zilikuwa zimeuzwa kwa zaidi ya dola 50 mwaka 2005. Mnunuzi huja kwa bei inayomfaa yeye.

Hatua ya 10: Wauliza wenyewe, kisha andika masharti yako

Maswali ambayo nyaraka hazikuyajibu yapeleke kwa ofisi ya mahusiano na wawekezaji kwa barua fupi ya heshima, ukitaja ukurasa wa ripoti unaouzungumzia. Shemeji alipeleka matatu. Alijibiwa mawili: kwamba wateja wengi sasa wanalipia kwa mwezi, na kwamba mkataba wa kompyuta ungejadiliwa upya mwaka unaofuata. La tatu, la idadi ya wateja wanaoacha kila mwezi, lilijibiwa kwa sentensi ndefu juu ya kuridhika kwa wateja isiyokuwa na tarakimu hata moja. Tuliiandika sentensi hiyo kwenye daftari kama ilivyo.

Mwisho wa yote tulimsaidia kuandika masharti matatu kwenye ukurasa mmoja na kuutia tarehe: atauza nusu ya hisa kama ripoti inayofuata itaonyesha fedha zisizotosha robo mwaka nne, atauza zote kama mkataba wa kompyuta hautahuishwa au mkaguzi atabadilishwa bila maelezo, na hataongeza hisa hata moja, hata bei ishuke kiasi gani, mpaka kampuni itoe idadi ya wanaolipia kwa robo mbili mfululizo. Ukurasa huo upo katika faili la kikundi, pamoja na tarehe ya ripoti ijayo iliyozungushiwa duara kwenye kalenda ya ukutani.